Habari ya Mkono

"Sema tena," Natabo alisema.

"Mkono ni mbaya."

"Unasema kama mtu anasifu chai. Sema kama mkono ni mbaya."

Ekeno aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala juu ya goti. Kwa macho ulikuwa mkono mzima: vidole vitano, kucha tano, na kovu moja tu la kung'aa lililozunguka kifundo kama bangili. Ungekutana nao njiani ungeusalimia na kupita. Siri yake ilitoka pale mwenyewe alipotaka kufunga ngumi. Gumba na kidole cha shahada viliitika, vile vitatu vingine vikabaki vimenyooka, havina habari na mtu.

"Mkono ni mbaya," alirudia, na kabla hajajizuia akamalizia, "lakini nashukuru."

Natabo aliweka sufuria chini. "Hiyo nashukuru ndiyo imetumaliza, baba Lowoi."

Hakusema kwa hasira. Hasira ilikuwa imemwisha wiki tatu nyuma, siku barua ilipofika. Alimmiminia mumewe chai, akamwekea kikombe upande wa kushoto bila kufikiri, kama alivyozoea kufanya mwaka mzima sasa.

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, miaka ya vita vya shifta, wale wapiganaji wa Kisomali, na kafyu ya usiku ilikuwa imeisha punde tu. Moshi wa Chechelesi, mtaa wao hapa Isiolo, ulikuwa ndio unaanza kupanda nyumba moja baada ya nyingine, maana kabla ya saa kumi na mbili hakuna aliyethubutu kutoka nje hata kuokota kuni. Kando ya mlango palikuwa na magunia mawili ya makaa. Natabo angebeba moja mgongoni mpaka sokoni, arudi, abebe la pili, na Ekeno angemfuata nyuma na debe tupu la kupimia. Mtu aliyekuwa akipakua meli, sasa anabeba debe tupu nyuma ya mke wake. Watu wa Chechelesi ni watu wa heshima, hawakumcheka. Ila hata kutochekwa kuna siku kunachoma.

Alichotaka Ekeno kilikuwa kitu kimoja: punda na mkokoteni. Punda hahitaji mkono wa kulia. Anahitaji mtu wa kutembea naye na kumsemesha vizuri, na hilo Ekeno aliliweza kuliko mtu yeyote Isiolo. Angebeba makaa, angebeba maji ya mtoni, Natabo angenyoosha mgongo. Lakini punda na mkokoteni havikuwa na njia nyingine ya kufika kwake isipokuwa ile fidia ya mkono, na fidia ilikuwa imekataliwa. Leo karani wa Ofisi ya Leba, ile ya mambo ya kazi, aliyekuja jana kutoka Meru na konvoi, msafara wa malori ya jeshi, angemsikiliza mara ya mwisho. Saa nane konvoi ingerudi, na faili ingefungwa.

Mturkana na bahari, wapi na wapi? Hata Ekeno mwenyewe alikuwa akijiuliza. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa kuuzwa, wale waliokusanywa Isiolo wakatembezwa mpaka stesheni ya Nanyuki. Safari moja akaambiwa apande treni nao mpaka Mombasa, awape maji njiani, awakabidhi, arudi kesho yake. Alifika bandarini, akakabidhi ng'ombe, akakaa juu ya mzigo wa mtu kutazama watu wakifunga shehena. Aliitazama kazi ile mpaka akasahau kula. Kamba alizijua tangu utotoni; alikuwa amefunga mizigo juu ya punda na ngamia kabla hajaota meno ya pili. Kuna fundo moja alipoliona likifungwa vibaya, alicheka kidogo.

Tindali, yaani msimamizi wa genge la makuli, alimsikia. "Wewe mtu wa ng'ombe. Unajua kamba?"

"Kidogo."

Kidogo hicho kilimweka Mombasa miaka sita. Alikuwa mtu wa kamba, anayefunga mzigo tumboni mwa meli kabla winchi haijauinua. Genge zima lilisimama chini ya mafundo yake bila wasiwasi. Kila mwaka alipanda kuja Isiolo kumwona Natabo, akiwa na kanzu ya kike ya kitambaa cha pwani na hadithi ambazo hakuna aliyeziamini.

Halafu siku moja, katika meli moja ya kigeni, waya wa winchi ukakatika. Fundo halikufunguka, na hilo Ekeno alilisema kila alipohadithia. Waya ulikatika, fundo likashika, na magunia ya saruji yakaja chini yote pamoja yakiwa bado yamefungwa vizuri. Roble, Msomali wa hapa hapa Isiolo aliyekuwa genge moja naye, alimvuta kwa mshipi wa suruali. Mwili wote ulitoka. Mkono ndio ulichelewa.

Kwa hiyo ukimwona Ekeno anashukuru, usidhani ni mazoea ya mdomo. Alishukuru kwa kichwa chake, kwa mbavu zake, kwa miguu miwili, na kwa Roble. Siku hizi watu wa mjini walipolitaja kabila la Roble kwa sauti ya chini kwa sababu ya shifta, yeye aliinuka akaenda zake.

Kosa lilitokea hospitalini. Mtu wa serikali alipita wodini na fomu, kitanda hadi kitanda, akiandika habari za walioumia kazini. Alifika kwa Ekeno akasimama miguuni pa kitanda.

"Habari ya mkono, mzee?"

"Mzuri, bwana. Mzuri sana. Nashukuru."

Sasa, kwa Kiturkana ukikutana na mtu unamuuliza "Ejoka?" Maana yake ni mzuri? Naye anakujibu "Ejok." Ni mzuri. Hata kama ndani kuna maiti, utajibiwa hivyo kwanza. Kisha unakaribishwa, unakaa, unapewa kitu cha kunywa, na mwenyeji anaulizwa mara ya pili. Hapo ndipo maiti inatajwa. Kumwagia mtu mabaya yako angali amesimama ni kukosa adabu, ni kama kumfukuza. Yule mtu wa fomu hakukaa. Hakuuliza mara ya pili. Aliandika alichoambiwa, akasogea kitanda cha pili, na Ekeno akabaki akisubiri aketi.

Barua iliyokuja Isiolo aliisomewa na Kagwiria, mama Mmeru aliyeuza miraa karibu na soko na kusomea nusu ya mji barua zao. Aliisoma kimya kwanza, midomo ikicheza.

"Wanasema daktari aliandika mifupa imeunga," alisema. "Na wewe mwenyewe ulikubali mkono ni mzuri kabisa. Sheria inalipa mtu kwa kile amepoteza. Wewe hujapoteza kitu, kwa hivyo hakuna fidia. Nani aliwaambia mkono ni mzuri?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Alinisalimia."

Kagwiria alimtazama, akamtazama Natabo, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akajifuta macho kwa leso. Kisha akamgeukia Ekeno kama anayemgombeza ndugu yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa chini wameandika unaweza kujieleza kwa karani wa Leba akija Isiolo. Mara moja. Siku hiyo, baba Lowoi, sahau adabu."

Ndiyo maana asubuhi hii Natabo alikuwa akimfundisha mwanamume mzima kusema maneno matatu.

Alimsindikiza mpaka ilipoanzia njia kubwa. "Usishukuru," alimwambia. "Shukuru ukirudi."

Karibu na daraja palikuwa na kizuizi: gogo juu ya mapipa mawili, na wanajeshi watano. Watu walipanga foleni, mikono juu. Ekeno aliinua yake. Askari mmoja mwenye macho mekundu ya kukesha aliuona mkono wa kulia, akaushika, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya kovu.

"Hii ni risasi?"

"Hapana, afande. Ni meli."

"Ni nini?"

"Meli, afande. Ya bahari."

Askari aligeuka kuwatazama wenzake. "Huyu ameumizwa na meli. Isiolo." Wakacheka wote, na hata foleni ikacheka kidogo kwa tahadhari. Lakini mkono hakuuachia. Miaka ile mtu mwenye kovu asiloweza kulieleza alilala kituoni, na wengine walilala huko siku nyingi. Ekeno alitoa barua mfukoni kwa mkono wa kushoto. Askari akaisoma taratibu, mhuri kwanza, maneno baadaye, na kicheko kikamtoka usoni.

"Pole, mzee. Ulikuwa bandari kweli." Akamrudishia barua. "Na sasa inauma?"

"Hapana, afande. Mzuri tu."

Alikuwa amevuka daraja ndipo alipojisikia. Alisimama kando ya barabara akatikisa kichwa. Jua lilikuwa halijapanda hata mkuki mmoja na tayari neno lilikuwa limemponyoka. "Mkono ni mbaya," aliiambia barabara. "Mkono ni mbaya." Mama mmoja aliyebeba ndizi alimpisha njia.

Nje ya ofisi za wilaya Halake, askari wa utawala, Mborana aliyejuana naye tangu enzi za ng'ombe, alikuwa na orodha ya majina matano. Ekeno alikuwa wa mwisho. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita, na dirishani zikaanza kusikika injini za malori zikipashwa moto kwa safari ya kurudi.

"Isaac Ekeno," Halake aliita, kisha kwa sauti ya chini, "ingia haraka, anataka kwenda."

Chumba kilikuwa cha kuazima. Palikuwa na meza, viti viwili, na sanduku la mbao lililojaa mafaili. Karani aliitwa Rimberia, mtu wa makamo, mwembamba, vumbi la jana bado liko kwenye nyusi. Alionekana kama mtu ambaye hakulala, na yawezekana hakulala, maana konvoi ilikuwa imepigwa risasi mahali njiani na kila mtu mjini alishajua.

"Keti, mzee. Habari ya mchana?"

"Mzuri."

"Mama na watoto?"

"Wazuri. Nashukuru Mungu."

"Na mkono, habari yake?"

"Mzuri," Ekeno alisema.

Lilitoka lenyewe, kama mbuzi anayejua njia ya mtoni. Alilisikia likifika upande wa pili wa meza. Rimberia hata hakuinua macho. Alifungua faili, akafunua karatasi moja, ya pili.

"Ndivyo hata Mombasa walivyoandika," alisema kwa uchovu. "Mzuri kabisa. Basi, mzee, sioni vile nitakusaidia. Hebu funga ngumi nione."

Chini ya meza mkono wa kushoto uliukunja ule wa kulia, kidole kwa kidole, na yote miwili ikapanda juu pamoja, mmoja umeushikilia mwingine. Hivyo ndivyo alivyosalimia watu mwaka mzima, na walidhani ni heshima. Hakukusudia kumdanganya karani. Mikono yenyewe ndiyo iliyokuwa imezoea kuficha. Rimberia akaona ngumi.

"Sawa," alisema.

Yale maneno matatu yalikuwa yamekaa kooni mwa Ekeno, yote, yamepangika vizuri kama alivyoyapanga Natabo. Lakini angeanzaje? Mtu huyu amepita kwenye risasi kuja hapa. Amekuuliza habari yako, ya mama, ya watoto. Na wewe uliye hai, uliyekula asubuhi, umwambie mabaya? Kisha akilini akamwona Natabo na gunia mgongoni.

"Bwana," alisema, "si mzuri sana."

Lakini aliisema kwa sauti ndogo, na lori lilikuwa linapiga honi nje. Rimberia alikuwa ameshasimama. Aliitia faili sandukuni, akachukua kamba ya katani, akaizungusha mara mbili na kuikaza kwa fundo. Akaliinua sanduku. Kamba ikateleza, kifuniko kikafunguka, karatasi tatu zikaanguka.

"Hii kamba imenisumbua tangu Meru," alisema, akiinama kuokota. "Kila shimo barabarani, makaratasi chini."

Ekeno alivumilia kwa muda. Aliyoyavumilia maishani ni mengi, ila fundo baya hakuwahi kuliweza.

"Bwana, hiyo ni fundo ya kufunga mbuzi. Sanduku haifungwi hivyo."

"Wewe unajua?"

"Nilikuwa mtu wa kamba." Alikuwa ameshainuka. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mgongo wake pia. "Huko melini mzigo ulikuwa unapanda hewani na watu wako chini. Ukifunga hivi umeua. Leta. Unapitisha chini kwanza, unarudi juu, unaacha shingo hapa. Hiyo ncha nyingine inaingia ndani ya shingo, inazunguka, inarudi. Halafu unavuta. Mzigo ikiwa nzito zaidi, yenyewe inakaza zaidi."

Kamba ilipita chini. Ikarudi juu. Shingo ikafanyika, nzuri, kubwa ya kutosha. Ncha ikafika kwenye vidole vitatu vya mwisho, ambavyo kazi yake ilikuwa kuishika wakati gumba linazungusha, na ikaanguka.

Alianza upya. Chini, juu, shingo. Ikaanguka.

Alijaribu kwa meno, ameinama juu ya sanduku la serikali kama mtu anayekata uzi, na jasho likamdondokea juu ya mbao. Mara hii shingo yenyewe ilifunguka. Alisimama akiitazama kamba juu ya meza. Kwa miezi yote hiyo hakuwahi kujaribu. Natabo ndiye aliyekuwa akifunga magunia, kwa fundo lake la kienyeji, na Ekeno alikuwa akitazama pembeni.

"Hii mkono ilikuwa inajua," alisema. Hakumwambia mtu.

Honi ililia tena. Halake alichungulia mlangoni, na Rimberia akampungia mkono asubiri. Kisha akafanya jambo ambalo Ekeno alilihadithia baadaye mara nyingi kuliko hata habari ya winchi. Alivuta kiti chake, akaizunguka meza, akakileta upande aliosimama Ekeno, akaketi. Akamwonyesha na yeye aketi.

"Mama yangu alikufa kwa tumbo," Rimberia alisema. "Daktari alikuwa akija kwake asubuhi, anamwambia muuga, na yeye anajibu muuga. Kwetu Meru ndiyo salamu, na jibu ni hilo hilo, hata nyinyi mnaisikia sokoni. Siku ile amekufa, asubuhi yake alijibu muuga." Alipangusa vumbi kwenye nyusi. "Mzee, ile ya kwanza ilikuwa salamu. Salamu tumemaliza. Sasa nakuuliza. Mkono, habari yake?"

Ekeno aliuweka mkono juu ya goti. Alichukua muda, kwa kuwa aliyeulizwa mara ya pili ana haki ya kuchukua muda.

"Umekufa, bwana," alisema. "Hivi vidole tatu havisikii. Nikigusa moto navyo, naona moshi kwanza. Baridi ikija usiku unauma mpaka hapa begani, nalia kimya mke asisikie, na yeye anasikia. Sibebi gunia. Sifungi kamba. Siwezi kukamua mbuzi. Mke wangu anabeba makaa kwa mgongo na mimi nambebea debe. Lowoi alianguka kwenye kisima cha mchanga, nikamshika na hii mkono, akaniponyoka. Alitolewa na wengine. Mtoto ni mzima, lakini aliniponyoka." Akavuta pumzi. "Ndiyo hiyo habari ya mkono."

Rimberia aliandika. Aliandika kwa haraka lakini hakuacha kitu, na alipofika mwisho alimsomea yote, neno kwa neno, hadi kisima. Akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba alimpa mfanyakazi kazi yake ya zamani mbele ya macho yake, mara tatu, na mfanyakazi hakuiweza.

"Kuna kitu nimesahau?"

"Andika nashukuru."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo karani alicheka. "Hiyo siiandiki, mzee. Hiyo baki nayo."

Akaleta wino. Gumba la kulia lilikuwa bado linasikia, na Ekeno alilibandika chini ya karatasi kwa uangalifu wote. Kisha, kwa vile honi ilikuwa inapiga bila kukoma na sanduku lilikuwa wazi, alisimama juu ya Rimberia akamwelekeza. Pitisha chini. Rudi juu. Acha shingo, kubwa zaidi, hapo. Ingiza. Zungusha. Sasa vuta. Karani alivuta, akaliinua sanduku kwa kamba peke yake, akalitikisa. Halikusema kitu.

"Kumbe," alisema Rimberia.

Natabo alikuwa sokoni, ameketi juu ya gunia la pili ambalo halijauzwa. Alimwona akija kwa mbali na akajaribu kuisoma hatua yake. Hakumpa nafasi ya kufika.

"Ulisema?"

"Nilisema mzuri."

Mabega ya Natabo yalishuka. Alitazama chini, akaokota kipande cha makaa, akakirudisha guniani polepole.

"Halafu akaketi," Ekeno alisema, "akaniuliza tena."

Natabo aliinua macho. Hakuuliza lingine. Alisogea upande mmoja wa gunia ili naye apate pa kukaa, na wakakaa hapo, migongo ikigusana, mpaka Kagwiria alipopita na kutaka kuambiwa yote tangu mwanzo.

Fidia ilikuja baada ya mvua, ikapitia ofisi ya wilaya, na gumba likabandikwa tena. Ilitosha punda, ilitosha mkokoteni wenye magurudumu ya gari kuukuu, na ikabaki ya kitambaa cha Natabo, kwa sababu Ekeno alikuwa amekaa miaka miwili bila kumletea kanzu. Punda alikuwa na sikio moja lililokatika ncha. Ekeno alisema wataelewana.

Asubuhi moja walikuwa kando ya barabara, upande wa Kiwanjani, wakipakia magunia manne ya makaa, konvoi ilipopita ikielekea Meru. Malori yalikwenda polepole kwa ajili ya kizuizi. Katika lori la tatu, katikati ya wanajeshi, mtu mwembamba alikuwa ameketi juu ya sanduku la mbao lililofungwa kwa katani, na alipowaona alisimama, akashika chuma cha juu asianguke.

"Mzee Ekeno," aliita, "habari ya mkono?"

Ekeno aliuinua juu, mbele ya konvoi nzima, vidole vitatu vimenyooka.

"Mbaya, bwana," aliita kwa furaha. "Mbaya kabisa."

Rimberia alicheka mpaka mwanajeshi mmoja akamshika asidondoke. Lori likapita, vumbi likawafunika wote pamoja na punda, na lilipotulia Natabo alikuwa ameshaipitisha kamba chini ya magunia na kuirudisha juu.

"Acha shingo," Ekeno alisema.

"Nimeacha."

"Kubwa zaidi kidogo. Sasa ingiza, zungusha."

Alikuwa ameshazungusha. Aliweka mguu kwenye gurudumu akavuta, na kamba ikauma magunia ikanyamaza. Ekeno alilijaribu fundo kwa gumba, upande huu na upande ule, akitafuta pa kulikosoa. Kisha akaenda mbele kumsemesha punda.